Dakika 16 zilizokatwa: safari ya kanda ya Hi8 hadi kwenye tarakilishi

Kimya changu kina sababu, na sababu yenyewe ni kanda moja ya video, ndogo karibu sawa na kaseti ya redio, iliyonikosesha usingizi kwa wiki tatu. Leo nawapa kisa chake pamoja na historia ya mashine zilizohusika, maana bila historia hiyo nisingeipata picha hata moja.

Tuanze na Mjomba. Mwaka 1994 alirudi Mombasa kutoka Dubai, alikokuwa akifanya kazi, akiwa na kamkoda ya Hi8 begani. Mtaa mzima ulimjua. Alirekodi harusi ya mama mdogo mwanzo hadi mwisho. Miaka yote baada ya hapo, kila tukikutana kwenye shughuli za familia, Mjomba hurudia neno lile lile: "Nilimrekodi mama jikoni, siku ya pili ya harusi. Alitaja ukoo wote, kuanzia babu yake mpaka nyinyi wajukuu." Nasi humjibu kwa adabu, "Ndiyo, Mjomba," kisha tunatazamana. Kanda ya harusi tuliijua kwa moyo. Inaanza na ngoma, inaisha na watu wakila pilau. Bibi anaonekana mara mbili tu, anapiga vigelegele. Jikoni hakuna. Mama alikuwa akiniambia pembeni, "Mwache mjomba wako, mwanangu. Umri una mambo yake."

Bibi alifariki 1997. Sauti yake hatuna popote isipokuwa vile vigelegele.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani, nikaufungua mkebe wa biskuti ambamo Mama huweka nyaraka. Ndani yake nikaikuta kanda yenyewe, imeandikwa "Harusi 1994" kwa kalamu ya wino. Juu ya lebo ya kiwanda palikuwa na maandishi madogo: P5-90. Hapo ndipo nilipokaa kitako. P5 ni alama ya kanda za milimita 8 zilizotengenezwa kwa nchi za PAL, na 90 ni dakika. Kumbe ile "kanda" tuliyokuwa tukiitazama miaka yote haikuwa kanda hata kidogo. Ilikuwa VCD, tuliyotengenezewa na studio moja mjini mwaka 2004. Nikaitia VCD ile kwenye tarakilishi nikatazama urefu wake: saa moja na dakika 14. Tisini ukitoa sabini na nne, zinabaki kumi na sita. Studio haikutuambia kitu.

Basi swali likawa: zile dakika 16 zina nini, na mtu anazitoaje kwenye kanda ya 1994 akiwa na laptopu ya leo isiyo na hata tundu la kuchomeka waya wake?

Kwanza tuielewe kanda. Kabla ya miaka ya themanini, mtu wa kawaida aliyetaka kurekodi video alibeba vitu viwili: kamera mkononi na deki nzito begani, vimeunganishwa kwa waya. Mwaka 1983 Sony walitoa Betamovie, kamera na deki katika mwili mmoja, ingawa ilikuwa inarekodi tu. Ukitaka kutazama ulichorekodi ulirudi nyumbani kwenye deki yako. Mwaka 1984 JVC wakaleta GR-C1 iliyotumia kaseti ndogo ya VHS-C, na hiyo iliweza pia kucheza. Ndiyo kamera inayoonekana kwenye filamu ya Back to the Future ya 1985. Mwaka huo huo wa 1985 Sony wakaanza kuuza kamera za Video8, zenye utepe wa upana wa milimita 8, wakati wa VHS ulikuwa milimita 12.7. Utepe mwembamba ulimaanisha kamera ndogo. Kufikia 1989 kulikuwa na modeli ya CCD-TR55 yenye uzito wa gramu 790, iliyotangazwa kuwa ni ndogo kama pasipoti. Mwaka huo ndio Hi8 ilipozaliwa: kaseti yenye umbo lile lile, utepe bora zaidi, picha kali zaidi.

Kuna jambo moja kuhusu Video8 na Hi8 ambalo lilinitia moyo na kunitia hofu pamoja. Katika VHS ya kawaida, sauti huandikwa kwenye ukingo wa utepe, mbali na picha. Katika milimita 8, sauti huandikwa na vile vile vichwa vinavyozunguka, ndani ya mistari ile ile ya picha. Faida yake ni sauti nzuri kuliko ya VHS ya kawaida. Hasara yake ni kwamba picha ikiharibika mahali fulani, sauti huenda nayo. Kwa hiyo sikuweza kujifariji kwamba hata picha ikigoma nitampata Bibi kwa sauti. Ama vyote, ama hapana.

Sasa tuje kwenye VCD, maana wengi wetu tunazo hadi leo na tunadhani ndizo kanda zetu. VCD iliwekewa kanuni zake 1993. Wazo lilikuwa kuitia video kwenye CD ya kawaida, iliyobuniwa kwa ajili ya muziki wa dakika 74. Ili video ienee, ilibanwa kwa MPEG-1 kwa kasi ya kilobiti 1,150 kwa sekunde, na picha ikapunguzwa hadi pikseli 352 kwa 288. Afrika Mashariki tuliipokea kwa mikono miwili. Diski zilikuwa rahisi, mashine za kuzicheza zilikuwa rahisi, na pale River Road jijini Nairobi ikakua biashara nzima ya filamu za bei nafuu, ile tunayoiita Riverwood. Sina ugomvi na VCD. Ilitufikishia picha wakati njia nyingine zilikuwa ghali.

Lakini tazama ilivyokata. Kanda ya PAL ina mistari 576 ya picha. VCD ilibakisha 288. Kanda inashika mwendo mara 50 kwa sekunde, kama nitakavyoeleza hapa chini. VCD ilibakisha 25. Na kanda ya dakika 90 haiingii kwenye diski ya dakika 74. Mtu mwaminifu angetumia diski mbili. Fundi wetu alitumia moja, diski ilipojaa akasimamisha mashine, akatukabidhi. Sisi tukaitazama nakala ile hadi tukasahau kuwa ni nakala, na Mjomba akaonekana mzushi.

Haya, tuingie dijitali. Mwaka 1995 ulileta mambo mawili pamoja. La kwanza ni kanda za DV, pamoja na kamera kama Sony DCR-VX1000, zilizoandika namba badala ya mawimbi. La pili ni kiwango cha IEEE 1394, ambacho Apple walikiita FireWire na Sony wakakiita i.LINK. Umuhimu wake ni huu. Picha ya DV inahitaji megabiti 25 kila sekunde, bila kukatika, kwa sababu utepe ukishaanza kuzunguka haumsubiri mtu. USB ya wakati ule, 1.1 ya mwaka 1998, ilikuwa na uwezo wa megabiti 12. Ilikuwa kama kupitisha trela kwenye kichochoro cha Mji wa Kale. FireWire ilikuwa na megabiti 400, tena iliweza kuitengea video nafasi yake maalumu kwenye waya, kama vile barabara yenye njia ya ambulensi ambayo matatu haziruhusiwi kuingia. Na kwa waya ule ule tarakilishi iliweza kuiamuru kamera: cheza, simama, rudi nyuma.

Mwaka 1999 Apple walitoa iMac DV pamoja na programu ya iMovie, na kuhariri video kukaingia majumbani. Hapo uone wendawazimu wa enzi zile: saa moja ya DV inakula takriban gigabaiti 13, na diski ya iMac DV ya kawaida ilikuwa na gigabaiti 10! Watu walivuta video vipande vipande, wakahariri, wakairudisha kwenye kanda, kisha wakafuta ili kupata nafasi. Leo kadi ya gigabaiti 64 ya kwenye simu inabeba saa nne na ushee.

Mwaka huo huo wa 1999 Sony walifanya jambo ambalo halikusifiwa sana, na ndilo lililoniokoa. Walitoa Digital8, kamera zilizoandika DV juu ya kaseti zile zile za milimita 8. Na kwa kuwa walijua wateja wao wana makabati yaliyojaa Hi8, modeli nyingi za Digital8 ziliwekewa uwezo wa kucheza kanda za zamani za analogi na kuzitoa kwenye tundu la FireWire zikiwa zimegeuzwa kuwa DV, palepale. Yaani kamera yenyewe ni daraja. Kama una kanda za Video8 au Hi8, tafuta Digital8. Lakini uliza kwanza modeli, maana si zote zina uwezo huo.

Kisha FireWire ikafa. Ilikufa kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni pesa: Apple walitaka malipo ya dola moja kwa kila tundu, na ingawa baadaye yalipunguzwa, watengenezaji wengi walikuwa wameshageukia USB 2.0 iliyotoka 2000. Ya pili ni kwamba kamera zenyewe ziliacha kanda. Kuanzia AVCHD ya 2006, video ikawa faili kwenye kadi au diski, na kunakili faili hakuhitaji njia ya ambulensi. Matundu yakapotea kwenye laptopu moja baada ya nyingine. Mwaka 2025 Apple, waliokuwa wamiliki wa jina lenyewe, waliondoa FireWire kabisa kwenye macOS 26. Kwenye Linux bado ipo. Takashi Sakamoto alichukua kazi ya kuitunza 2023 na kueleza nia ya kuendelea nayo hadi 2029. Hifadhi mwaka huo kichwani.

Haya sasa, nilifanyaje? Rafiki wa kazini alikuwa na Digital8 ya marehemu babake. Nikanunua kadi ya PCI ya FireWire kutoka kwa fundi wa tarakilishi kuukuu, nikaichomeka kwenye tarakilishi ya mezani niliyokuwa nimeitelekeza, nikaweka Linux na programu ndogo iitwayo dvgrab. Angalizo kwa mwenye kujaribu: upande wa kamera plagi ina pini 4, upande wa tarakilishi ina 6, na ile ya 6 hubeba umeme. Zima vyote viwili kabla ya kuchomeka. Kuna kamera nyingi zilizounguzwa tundu kwa haraka tu.

Kabla ya kuiweka kanda ndani niliikagua kwenye mwanga. Mombasa ina unyevu, na unyevu huleta ukungu mweupe kwenye kingo za utepe. Ukiuona, usiicheze, maana utauchafua mtambo na kanda nyingine zitakazofuata. Yangu ilikuwa safi. Niliipeleka mbele hadi mwisho na kuirudisha nyuma, ili utepe uliokaa miaka mingi bila kusogea ulegee. Nikabonyeza kucheza. Chenga tupu! Moyo ulinishuka. Nikasafisha vichwa vya kamera kwa kanda ya kusafishia, sekunde chache tu, nikajaribu tena. Ngoma ikalia.

Nikaacha inakili bila kuigusa. Kanda ya dakika 90 huchukua dakika 90. Ndivyo ilivyo, hakuna ujanja. Nikapata faili ya karibu gigabaiti 20. Kabla ya kuitazama nikainakili kwenye diski mbili tofauti.

Kisha nikaifungua kwenye programu ya kuhariri, DaVinci Resolve, na hapa wengi hukata tamaa. Watu walikuwa wembamba kidogo, na kila aliyesogea alikuwa na meno ya kitana pembeni mwake. Si kwamba kanda imeharibika! Hayo ni maamuzi ya zamani sana yanayokusalimia.

Meno yale yana umri mkubwa kuliko wazazi wetu. BBC walipoanza matangazo ya runinga London 1936, mfumo uliowashinda wenzake ulichora picha kwa kupishana: kwanza mistari ya witiri, halafu ya shufwa, nusu-picha 50 kila sekunde. Hivyo picha haikumetameta machoni, na wala haikuhitaji nafasi maradufu hewani. Hamsini kwa sababu umeme wa Uingereza ulikuwa wa mizunguko 50. Ujerumani, mhandisi Walter Bruch alipobuni rangi za PAL mwanzoni mwa miaka ya sitini, alizijenga juu ya kupishana kule kule. Kenya, iliyoanza runinga 1962, ilifuata njia hiyo, na matangazo ya analogi tumeyazima 2015 tu. Kamera ya Mjomba ilirekodi hivyo hivyo. Skrini za leo huchora picha nzima kwa mpigo, kwa hiyo nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati tofauti zinabandikwa pamoja, na ukingo wa kitu kinachosogea unakuwa kama kitana.

Tiba yake ni kuzitenganisha zile nusu 50 na kuifanya kila moja picha kamili, upate picha 50 kwa sekunde. Usikubali 25, maana hapo unarudia kosa la VCD. Mimi nilitumia FFmpeg, programu huria iliyoanzishwa 2000, kwa kichujio chake cha bwdif. Iambie kwamba DV huanza na nusu ya chini; ukikosea, watu watakuwa wakirukaruka mbele na nyuma kama wamepagawa. Na wembamba? Pikseli za PAL ya DV si mraba. Faili ina 720 kwa 576, lakini picha ya kweli ni 4 kwa 3, yaani 768 kwa 576. Irekebishe kwenye mipangilio ya klipu, wala usiivute ijaze skrini pana ya sasa.

Na faili ya kwanza, ile yenye meno? Usiifute kamwe. Hiyo ndiyo kanda yako sasa. Kesho kutakuwa na kichujio bora kuliko cha leo, na utataka kuanzia pale. Makosa ya 2004 hayakuwa kutumia VCD, yalikuwa kuichukulia nakala iliyopunguzwa kama mali yenyewe. Bahati yetu ni kwamba Mama hatupi kitu.

Nikasogeza hadi saa 1 na dakika 14. Pilau bado inaliwa. Dakika tatu nzima za pilau. Halafu picha ikakatika, ikarudi, na pale palikuwa na dirisha la jikoni kwetu, na Bibi ameketi kwenye mbuzi, anakuna nazi. Sauti ya Mjomba nyuma ya kamera: "Haya mama, anza na babu yako." Naye akaanza.

Sikuendelea. Niliifunga faili, nikashika basi la usiku kwenda Mombasa, nikampigia Mjomba simu aje asubuhi. Mama siku hizi hasikii vizuri, nikamvisha vipokea sauti. Alipomsikia mamake akamshika Mjomba mkono, hakumwachia. Bibi alitaja majina bila kusita, nani kamzaa nani, nani kazikwa wapi, dakika 13 hivi, huku nazi ikiendelea kukunwa. Alipofika kwa watoto wake mwenyewe, akamtaja wa kwanza, akamtaja wa pili, na kabla hajamaliza jina la wa tatu, utepe ukaisha.

Jina la tatu ni la Mama.

Mjomba alinyamaza. Miaka yote aliamini alirekodi ukoo mzima. Mama akavua vipokea sauti, akasema, "Samahani, kaka. Tulikuona unachanganya mambo." Kisha, bila kuombwa na mtu, akaendelea kutaja kutoka pale Bibi alipoishia. Nilitoa simu nikabonyeza kurekodi. Na safari hii, kabla ya yote, nilitazama kama nafasi iliyobaki inatosha.

Wenye kanda kabatini, someni lebo, kisha linganisheni dakika zake na za nakala mnayoitazama. Tuonane tena, inshallah.